Ukurasa wa Tatu

Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Nakumbuka kwa sababu nilizihesabu kabla ya kuanza kusoma, kama mtu anayehesabu maswali ya mtihani kabla ya kushika kalamu. Nilikuwa kidato cha tano, nimerudi likizo Tanga, na nyumbani kwetu Ngamiani mimi ndiye niliyejua Kiingereza kuliko wote. Kaka alikuwa na miaka 20.

Alikuwa winga wa kushoto. Timu moja ya ligi, ambayo sitaitaja, ilimwona kwenye mashindano ya mtaani, na jioni ile mtu wao akaja na bahasha ya kaki. Hakuingia ndani. Alibaki kwenye gari, injini inanguruma, akasema ana safari ya kurudi usiku uleule. Mama alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya asubuhi. Aliuacha mwiko kwenye sufuria akaja kukaa mkekani, mikono bado ina unga.

"Haya, msomi," kaka akasema. "Tusomee."

Nikasoma kwa sauti, sentensi kwa Kiingereza, kisha maelezo kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa majina na tarehe. Wa pili ulikuwa mshahara, posho na nyumba ya kukaa wachezaji. Wa tatu ulikuwa na kifungu kirefu kuhusu muda: mkataba ni wa miaka miwili, na klabu itakuwa na hiari ya kuongeza miaka miwili mingine kwa masharti yaleyale. Leo naweza kukitafsiri hivyo. Siku ile kulikuwa na maneno mawili ambayo sikuyaelewa. Sikuuliza, kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza, na kwa sababu nilikuwa nimeshaitwa msomi. Nikasema, "Na wakikupenda, watakuongezea miaka miwili."

Mama akapiga kigelegele. Jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini, naye akaongeza cha kwake. Kaka akasaini kila mahali palipowekewa alama ya vema. Bahasha ikarudi kwenye gari na kurasa zote nne. Hatukubaki na nakala.

Miaka miwili baadaye timu nyingine, kubwa kidogo, ilimtaka. Ndipo ukurasa wa tatu ulipofanya kazi yake. Klabu ikatumia hiari yake. Mshahara ukabaki uleule, na wakati huo ulikuwa unakuja baada ya miezi miwili au mitatu kupita. Kocha mpya hakumhitaji, lakini viongozi hawakutaka kumwachia bila kulipwa fedha ambazo timu ile nyingine haikuwa nazo. Kwa hiyo kaka alifanya mazoezi asubuhi na wenzake, na siku ya mechi akakaa jukwaani na mashabiki. Goti likaumia mazoezini, likatibiwa nusunusu. Alipoachiwa alikuwa na miaka 24, anachechemea kidogo akishuka ngazi, na waliokuwa wakimtaka walishampata mwingine.

Hakuwahi kunilaumu. Mimi nikaenda kusoma sheria.

*

Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu mikataba ya ajira ya wanamichezo. Watu wakiniuliza kwa nini nimechagua mada hiyo, huwa nasema ni eneo ambalo halijaandikwa sana. Ni jibu linalomridhisha msimamizi, na halina uongo ndani yake.

Anayesoma mada hii hawezi kuikwepa kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle United. Eastham aliomba kuondoka Newcastle, klabu ikakataa. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini kanuni za ligi ya Uingereza ziliiruhusu klabu kumbakiza mchezaji kwenye orodha yake hata baada ya mkataba kuisha, na aliyebakizwa hakuweza kuchezea klabu nyingine ya ligi. Eastham akagoma, akahamia kusini ya Uingereza kuuza magome ya koki, mpaka alipouzwa Arsenal mwaka 1960. Kesi aliiendeleza hata baada ya kupata alichotaka, kwa msaada wa chama cha wachezaji. Mwaka 1963 Jaji Wilberforce alitamka kwamba utaratibu ule ulikuwa unambana mfanyakazi kupita kiasi asiweze kutafuta riziki yake.

Nilipoisoma hukumu ile nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Nilikuwa nimesoma habari za kaka, zimeandikwa miaka 30 na kitu kabla hajazaliwa.

Niliporudi nikataka kujua ni nani walioyasema hayo kabla ya jaji. Nikaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Mwaka 1907, Manchester, akina Billy Meredith walianzisha chama cha wachezaji ambacho ndicho kilichokuja kumsimamia Eastham. Nikadhani nimefika mwisho. Lakini chini ya ukurasa mmoja, kwa maandishi madogo, palitajwa chama kingine, cha mwaka 1898, kilichokufa baada ya muda mfupi, na jina la katibu wake: John Cameron, Mskoti, mshambuliaji wa Everton.

Neno lililonivuta halikuwa mshambuliaji. Lilikuwa katibu. Nilitaka kumjua mchezaji ambaye hakuhitaji kusomewa.

*

Cameron alizaliwa Ayr, mji wa pwani ya magharibi ya Scotland, mwaka 1872. Alikulia kwenye mpira wa ridhaa. Klabu yake ya Glasgow, Queen's Park, ilijivunia kutomlipa mchezaji hata senti moja. Mwaka 1895 alivuka kwenda Uingereza kuichezea Everton ya Liverpool, na hata huko alianza kama mchezaji wa ridhaa kati ya wenzake wanaolipwa, huku akiwa ameajiriwa na kampuni ya meli ya Cunard. Baadaye naye akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1896 aliichezea Scotland dhidi ya Ireland, sare ya 3-3, na hiyo ndiyo mechi pekee aliyopata kuichezea nchi yake.

Kwa hiyo alipokuwa na miaka 25 alikuwa ameuonja mpira kwa pande zote mbili. Alijua maana ya kucheza bila mshahara ukiwa huru kuondoka kesho, na alijua maana ya kucheza kwa mshahara ukiwa umefungwa. Wenzake wengi walitoka kwenye migodi na viwanda, na kwao pauni chache za mpira zilikuwa ukombozi. Si rahisi kumwambia mtu aliyetoka mgodini kwamba bado hayuko huru.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Tangu mwaka 1893 kila mchezaji wa ligi alisajiliwa na klabu kwa msimu mmoja. Msimu ukiisha, klabu iliandika orodha mbili: wanaobakizwa na wanaouzwa. Ukiwekwa kwenye ya kwanza huendi popote. Ukiwekwa kwenye ya pili, unakwenda pale tu ambapo klabu mpya italipa bei iliyopangwa na klabu ya zamani. Uliweza hata kukaa bila mshahara na bado jina lako likawa mali ya watu. Klabu na klabu zilizungumza, nawe ukasubiri nje kuambiwa umefikia bei gani.

Chama cha mwaka 1898 kilidai jambo moja ambalo likisemwa leo linaonekana dogo: mchezaji anapohama, mazungumzo yawe kati yake na klabu inayomtaka, si kati ya klabu mbili yeye akiwa hayupo. Katika barua na mikutano ya chama kile, kazi ya katibu ilikuwa ya Cameron.

Hawakufanikiwa. Klabu hazikukubali. Viongozi wa chama, wengi wao wachezaji hodari, wakahamia timu zilizokuwa nje ya ligi, na kwa kuondoka kwao chama kikakosa miguu. Kufikia mwaka 1901 kilikuwa kimekwisha, na msimu uleule ikaanza kutumika kanuni nyingine: hakuna mchezaji wa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Kikomo hicho, kwa viwango vilivyopandapanda kidogokidogo, kilidumu mpaka mwaka 1961.

Miongoni mwa walioondoka ni katibu mwenyewe.

*

Hapa ndipo nilipoanza kumpenda, na ndipo baadaye nilipoanza kumtilia shaka.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na ligi mbili zenye nguvu. Ile kubwa ilikuwa na klabu za kaskazini na za kati, na ndiyo iliyokuwa na zile orodha. Kusini kulikuwa na Ligi ya Kusini, na Ligi ya Kusini haikuzitambua orodha za wakubwa. Mchezaji aliyebakizwa Liverpool au Preston aliweza kupanda treni, akashuka London na kusajiliwa bila klabu yake ya zamani kulipwa chochote. Kanuni ilikuwa ukuta, lakini ukuta ule uliishia mahali fulani.

Mwaka 1898 Cameron alisajiliwa na Tottenham Hotspur, klabu ya kaskazini ya London iliyokuwa Ligi ya Kusini. Februari 1899 meneja akaondoka, na wakurugenzi wakampa Cameron kazi ile bila kumtoa uwanjani. Akawa mchezaji, meneja na katibu kwa wakati mmoja. Siku hizo vyeo vya meneja na katibu vilikwenda pamoja: aliyepanga timu ndiye pia aliyeandika barua, aliyekata tiketi za treni na aliyesajili wachezaji.

Mtu aliyekuwa amedai njia ifunguliwe akawa sasa anajua njia ya pembeni ilipo, na ana ufunguo. Msimu wa 1899/1900 Tottenham, wakiwa wamehamia uwanja mpya uliokuja kujulikana kama White Hart Lane, wakatwaa ubingwa wa Ligi ya Kusini. Msimu uliofuata wakaingia Kombe la FA, kombe ambalo tangu ligi kubwa ianzishwe mwaka 1888 lilikuwa halijawahi kuchukuliwa na klabu ya nje ya ligi hiyo.

Nimeisoma orodha ya wachezaji 11 wa fainali mara nyingi kiasi cha kuikariri. Waskoti watano, Wawelisi wawili, Mwairishi mmoja, Waingereza watatu. Hakuna hata mmoja mzaliwa wa London. Ni orodha ya wasafiri, kikosi kilichowezekana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda. Mshambuliaji wao, Sandy Brown, alifunga katika kila raundi, jumla mabao 15, na nusu fainali dhidi ya West Bromwich Albion ilipokwisha 4-0, mabao yote manne yalikuwa yake.

Fainali ilichezwa Crystal Palace, London, tarehe 20 Aprili 1901, mbele ya watu zaidi ya 110,000. Sheffield United walikuwa wa ligi kubwa na walikuwa na wachezaji wa timu za taifa. Mechi ikaisha 2-2, bao la pili la Sheffield likizua ubishi mkubwa. Wiki moja baadaye walirudiana Bolton, kaskazini, na safari hii walijitokeza watu kama 20,000 tu. Sheffield wakaongoza 1-0 mpaka mapumziko. Kipindi cha pili Cameron akasawazisha. Tom Smith akaongeza, Brown akamaliza: 3-1.

Mpaka leo hakuna klabu nyingine kutoka nje ya ligi iliyolichukua kombe hilo. Na meneja wake alifunga kwenye fainali.

Usiku niliposoma hayo nilitaka kumpigia kaka simu saa ileile. Nilijiona nimepata jibu: hivi ndivyo inavyokuwa mchezaji akijua kusoma karatasi. Ukisoma vizuri unaona ukuta unaishia wapi. Kaka angekuwa na mtu wa kumsomea vizuri siku ile mkekani, labda naye angepita pembeni. Nilikuwa na hesabu yangu ya siku nyingi, na Cameron aliifunga: kosa lilikuwa kwenye usomaji, na msomaji nilikuwa mimi.

Sikupiga simu.

*

Miaka ya mwisho ya Cameron haina kombe. Tottenham hawakurudia tena walichofanya mwaka 1901, na Machi 1907 alijiuzulu kwa kutoelewana na wakurugenzi. Alikuwa ameshaanza kuandika kuhusu mpira, na uandishi wa magazeti ukawa sehemu ya riziki yake. Kisha akavuka bahari kwenda Ujerumani kuifundisha Dresdner SC ya Dresden. Haukuwa uamuzi wa ajabu. Miaka ile makocha kutoka Uingereza na Scotland walitakiwa sana kote Ulaya, na mchezaji mzee mwenye sifa aliweza kupata huko heshima ambayo nyumbani ilikuwa inaisha.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta hukohuko. Novemba 1914 serikali ya Ujerumani iliamuru wanaume wa Kiingereza waliokuwa nchini humo wakamatwe, wakapelekwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi upande wa magharibi wa Berlin. Walikuwa kati ya 4,000 na 5,000: mabaharia, wafanyabiashara, wanafunzi, wanamuziki. Walilala kwenye mabanda ya farasi, watu sita katika chumba cha farasi mmoja. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea fizikia, James Chadwick, alifanyia majaribio yake kambini humo. Mwaka 1932 ndiye aliyegundua nutroni.

Miongoni mwa wafungwa walikuwamo wanasoka waliokwenda Ujerumani kufundisha. Alikuwamo Steve Bloomer, aliyeifungia Uingereza mabao 28 katika mechi 23. Alikuwamo Fred Pentland, ambaye baada ya vita alikwenda Hispania na kuifanya Athletic Bilbao mabingwa. Wafungwa walipopata ruhusa ya kutumia sehemu ya katikati ya uwanja wa farasi, waliunda chama cha mpira, chenye ligi, kombe, ratiba na hata kijitabu cha msimu wa 1915. Pentland akawa mwenyekiti.

Katibu alikuwa John Cameron.

Nilicheka peke yangu maktaba nilipofika hapo, kisha nikaacha kucheka. Miaka 17 baada ya chama cha mwaka 1898, akiwa na zaidi ya miaka 40, analala kwenye banda la farasi, amepewa tena daftari na kalamu. Na kwa namna fulani hiki ndicho chama chake kilichofanya kazi. Kila mtu kambini alikuwa amebakizwa. Hakuna aliyekuwa na njia ya pembeni, hakuna aliyeweza kupanda treni kwenda London. Banda lilicheza na banda, na maelfu walisimama kutazama.

Baada ya vita aliiongoza Ayr United ya mji aliozaliwa kwa muda mfupi, akarudi kwenye uandishi wa magazeti, na akafariki Glasgow mwaka 1935. Eastham hakuwa hata amezaliwa.

*

Sikukuu ya Idd nilikwenda nyumbani. Kaka siku hizi anaendesha bodaboda asubuhi, na jioni anafundisha watoto wa mtaani kwenye uwanja wa vumbi wenye goli moja la chuma na jingine la matofali mawili. Nilimkuta anapanga chupa za maji zilizojazwa mchanga, ndizo koni zake. Nikamsaidia. Nilikuwa nimejiandaa kuyasema haya tangu ndani ya basi, na bado nilianzia mbali. Nikamsimulia habari za Cameron. Alisikiliza vizuri sana, hasa fainali. Aliuliza Brown alikuwa anatumia mguu gani, swali ambalo hakuna kitabu changu kilichonijibu. Aliuliza kule kambini walikaa miaka mingapi.

"Kambi ilidumu miaka minne," nikasema. "Kama mkataba wako."

Akaweka chupa chini.

"Kaka, ile siku. Ukurasa wa tatu sikuuelewa. Nilisema tu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulipofika pale ulikohoa. Wewe ukiwa hujui kitu unakohoa, tangu mdogo. Ukisoma Kurani ulikuwa unakohoa, ustadhi anakuja juu."

Nikanyamaza. Watoto walikuwa wameanza kufika, mmoja amevaa kiatu cha kulia tu.

"Sasa kama ulijua, mbona ulisaini?"

"Mdogo wangu, kule kwenye gari kulikuwa na bahasha mbili. Yule bwana aliniambia mwenyewe kabla hajanipa yangu: nikitoka hapa napitia Muheza, kuna winga wa kushoto mwingine. Mimi nisiposaini, anasaini yeye. Hata ungesoma kama jaji, ningesaini."

Akapuliza filimbi, watoto wakaanza kukimbia kuzunguka uwanja. Nilikaa kwenye tofali la goli nikiwatazama. Miaka minane nimebeba kosa la Kiingereza. Nililisomea shahada moja na nusu. Na muda wote huo kaka alikuwa anajua kitu ambacho mimi nilikipita kwenye maandishi yangu mwenyewe. Cameron alikielewa kila kifungu, na kukielewa hakukumfungulia njia mtu yeyote. Chama kilikufa. Njia ya pembeni aliyoipata ilitosha watu 11 na kombe moja, na klabu za Liverpool na Preston zikaendelea kuandika orodha zao kwa miaka mingine 60. Simlaumu. Yeye naye alikuwa na maisha ya kuishi, na alicheza vizuri. Lakini siku hizi nikiwaza kazi yake kubwa siifikirii Bolton. Nafikiria ile miezi ya 1898, mshambuliaji anaandika barua kwa washambuliaji wa timu nyingine, watu wanaogombea naye nafasi na mabao, akijaribu kuwaambia kwamba bahasha ni mbili na ndani yake mna karatasi ileile.

Mazoezi yalipoisha nikamuuliza kaka kama yule winga wa Muheza aliwahi kumjua.

"Sana. Walimleta mwaka uliofuata. Tulilala chumba kimoja miezi minane."

"Mliongea kuhusu mikataba?"

"Tuongee nini? Tulikuwa tunagombea namba moja." Akakung'uta vumbi kwenye suruali. "Yuko Muheza, naye ana watoto anawafundisha. Simu yake ninayo."

Tulimpigia usiku ule, tumekaa kwenye mkeka uleule, mama yupo pembeni anachambua mchele na kujifanya hasikilizi. Kaka alimweleza kwamba mdogo wake anasomea sheria na anaandika kuhusu mikataba ya wachezaji. Kule upande wa pili kukawa kimya kidogo, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha winga wa Muheza akamuuliza kaka swali lake la kwanza: "Kumbe na wewe hawakukupa nakala?"